Dakika Tisa za Jua

Mwaka 2012 kambi moja ya wakimbizi upande wa Kasulu ilifungwa, na vitu vya ofisi zake vikauzwa kwa mnada. Watu waligombea magodoro, jenereta na viti vya plastiki. Mimi nilirudi mjini Kibondo, ninakofanyia kazi, na kipima mawimbi chenye kioo kilichopasuka, pamoja na katoni ya vitabu ambayo dalali alinipa kama nyongeza. Kimojawapo kilikuwa kitabu kinene cha mawasiliano ya setilaiti, cha Kiingereza, kisicho na jalada. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, fundi wa redio na madishi, na elimu yangu ya darasani iliishia darasa la saba. Nilikisoma kitabu kile kwa miezi kumi na minne, kurasa chache kwa siku, kamusi ikiwa pembeni. Kila hesabu niliirudia mpaka jibu langu lilingane na la kitabu.

Watu walisema napenda elimu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nasoma kwa sababu ya mtu mmoja.

Mtu huyo, ambaye nitamwita mwenzangu, alizaliwa kijijini Kitahana kama mimi. Nyumba zetu zilitenganishwa na shamba la migomba na njia ya kwenda mtoni. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba. Mwaka tuliomaliza, shule yetu ilipata nafasi moja tu ya sekondari ya serikali. Mwenzangu alinizidi alama tatu akaenda yeye. Hakunidhulumu. Hakuwa na mjomba wilayani, wala mwalimu hakumpendelea. Kama kungekuwa na dhuluma ningekuwa na mtu wa kumlaumu, na huenda ningeshasamehe. Alinizidi tu, na mimi nikabaki na hizo alama tatu kama mtu aliyebaki na risiti ya kitu asichokuwa nacho.

Baada ya sekondari alipelekwa kusoma nje na hakurudi kuishi. Habari zake nilizipata vipande vipande kwa mama yake, na nyingine nilizitafuta mwenyewe. Kila nilipokwenda Kasulu kununua vipuri niliingia kwenye duka la intaneti, nikaandika jina lake na kusoma. Alianza kama mhandisi wa joto katika mpango wa anga wa serikali ya nchi ile: kazi yake ilikuwa kuhakikisha setilaiti haigandi ikiwa kivulini wala haiungui ikiwa juani. Kisha akawa mkuu wa majaribio. Kisha akakabidhiwa setilaiti nzima na watu wote waliokuwa chini yake. Mwaka ule ule wa mnada aliacha serikali akahamia kampuni binafsi, kuongoza mpango wa kurusha setilaiti ndogo za biashara, nyingi kwa mfululizo.

Nilikuwa na daftari la kuyaandika haya. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wake, wa kulia ulikuwa wangu. Kushoto: mkuu wa majaribio. Kulia, mwaka huo huo: madishi kumi na moja, Murungu na Kitahana, moja limeangushwa na upepo. Sijawahi kumwonyesha mke wangu daftari hilo.

Mjini hawakunisaidia kusahau. Jirani yangu wa duka, Mwislamu aliyehamia kutoka Tanga, muuza vitenge na mtu wa maneno, alinipigia kelele kila nilipopita na ngazi begani.

"Fundi! Wewe na yule ndugu yako kazi moja, sivyo?"

"Si moja."

"Moja bwana! Yeye anarusha setilaiti, wewe unaziokota!"

Wateja wake walicheka, na mimi nilicheka nao. Ukikataa kucheka watu wanajua wamekugusa wapi.

Mwaka 2013 mwenzangu alinipigia simu. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka mingi. Alinisalimu kwa Kiha, "Mwidiwe," akaongeza kicheko kile kile cha darasani, halafu akaingia kwenye Kiswahili chenye mapengo, cha mtu anayetafuta maneno kwenye mifuko ya koti la zamani. Alitaka nimfungie mama yake dishi, sola na televisheni pale Kitahana. "Nisingependa aje mtu mwingine," alisema. "Nataka fundi ninayemwamini."

Nilifunga dishi la wavu la futi sita, likaangalia mashariki. Mama yake alikuwa amevuka miaka sabini na alikuwa na akili kali kuliko wengi wa rika langu. Alikaa kwenye kigoda akipukuchua maharage, akaniuliza kila chombo ni cha nini. Nilipoandika vipimo kwenye daftari langu la kazi aliuliza, "Unaandika nini hapo kila mara?"

"Saa na nguvu ya mawimbi, mama. Ili nikirudi nijue kilichobadilika."

"Hata mwenzako alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Aliandika mpaka idadi ya mayai." Alikuwa ananisifu. Mimi nilisikia tu kwamba hata tabia yangu ya kuandika ilikuwa yake kwanza.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka humo. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, kuna siku chache ambapo jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, ukitazama kutoka kwetu. Jua nalo lina mawimbi yake, na ni mengi. Dishi likielekea huko hupokea kelele ya jua pamoja na sauti ndogo ya setilaiti, na sauti ndogo humezwa. Picha hukatika kwa dakika kadhaa, kisha hurudi bila mtu kugusa kitu. Mafundi wengi wa huku hawalijui hili. Mteja akiwaita wakati ule hupanda juu, huchezea skrubu, picha inarudi, nao hulipwa. Mimi niliona jambo hilo kabla sijasoma kitabu. Niliandika saa zake kwa miaka minane, na kitabu kiliponipa sababu nikaanza kukokotoa saa kabla hazijafika. Kila setilaiti ina saa yake. Ya mashariki ni karibu saa nne asubuhi. Ya magharibi ni alasiri.

Mwezi wa tisa mwaka 2014 mwenzangu alipiga tena. Setilaiti za kwanza za kampuni zilikuwa zinarushwa, yeye akiwa kiongozi wa mpango mzima, na chaneli moja ya habari ya nje ingeonyesha moja kwa moja. Alitaja siku, akataja saa: saa nne na dakika nne asubuhi, kwa saa za kwetu.

"Mama aone," alisema. "Maisha yake yote ameambiwa tu nafanya kazi. Hajawahi kuiona. Dishi liko sawa?"

Daftari la kazi lilikuwa mbele yangu. Safu ya siku ile nilikuwa nimeshaijaza tangu mwezi wa tatu, kwa kalamu: mashariki, picha itakatika saa nne na dakika tatu, itarudi saa nne na dakika kumi na mbili.

"Kila kitu kiko sawa," nilisema.

Nilikuwa na siku tatu. Chaneli ile ile ilikuwepo kwenye setilaiti ya magharibi, na kuligeuza dishi na kulitafutia mawimbi ilikuwa kazi ya saa tatu. Siku ya kwanza nilijiambia huenda hesabu yangu ina makosa. Nikaikagua, haikuwa na makosa. Siku ya pili nilijiambia roketi huahirishwa mara kwa mara, kwa hiyo nisubiri. Siku ya tatu sikujiambia kitu, nilitengeneza redio mbili na pasi. Sikupanga kumtendea ubaya mama yule. Nilichotaka ni kwamba pawe na kitu kimoja kuhusu kazi ya mwenzangu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui, na kitu hicho kingekuwa changu kwa muda tu wa kukinyamazia.

Siku yenyewe nilifika Kitahana mapema. Sebule ilijaa majirani, wengine wamesimama dirishani kwa nje. Mama alivaa kitenge kipya. Kwenye televisheni, kuhesabu kulipobaki dakika kumi waongozaji walisimamisha saa, na mtangazaji akasema wanachunguza upepo wa juu. Nikaangalia saa yangu. Kama wangesimama kwa dakika tisa au zaidi, roketi ingeruka picha ikiwa imesharudi, na kosa langu lisingekuwa kosa. Mtu mwingine angeomba wachelewe. Mimi nilijikuta naomba waendelee. Wakaendelea; walikuwa wametenga dakika za akiba tangu mwanzo, kwa hiyo saa ya kuruka haikubadilika.

Kisha wakaonyesha chumba cha kuongozea, na mwenzangu alikuwa pale, amevaa visikilizio, nywele zimepungua.

"Ndiye huyo?" aliuliza mzee mmoja jirani. "Yule aliyepoteza mbuzi wangu wawili?"

"Ndiye," mama alijibu.

"Basi hilo lidude wampe na mtu wa kuliangalia."

Watu walicheka sana. Mama alicheka mpaka akashika magoti. Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

Saa nne na dakika tatu picha ilianza kuvunjika vipande vya mraba. Watu wakasema, "Fundi, fundi!" Nikasogea kwenye king'amuzi na kujifanya nagusa waya. Saa nne na dakika nne moto ulitoka chini ya roketi, ukajaza kioo chote rangi ya chungwa, na hapo picha ikaganda. Sauti ilikatika. Tulikuwa tunatazama moto uliosimama. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Ameungua," mama alisema, taratibu kabisa. Halafu akaweka mikono yote miwili kichwani. "Imana we, Mungu wangu! Mwanangu ameungua!"

"Hajaungua, mama. Hayumo ndani ya roketi, umemwona amekaa chumbani. Ni jua limepita nyuma ya setilaiti. Picha itarudi saa nne na dakika kumi na mbili."

Hakuna aliyenisikiliza. Mama alikuwa ameshapiga kilio, na wanawake wa chumbani walikipokea, na kilio kikatoka nje kikashuka bondeni. Kwetu kilio cha nyumba hakiulizwi kwa mbali. Aliye shambani huweka jembe chini. Wanawake hujifunga kanga kiunoni, wanaume hupitia kwao kuchukua kuni, kwa sababu nyumba ya msiba haikosi moto. Kwa dakika nane au tisa nilisimama katikati ya sebule ile, nikiwa mtu pekee aliyejua kwamba hakuna aliyekufa.

Saa nne na dakika kumi na mbili picha ilirudi. Chumba cha kuongozea kilikuwa kinapiga makofi, watu wakikumbatiana, na mwenzangu alikuwa amevua miwani anaifuta kwa shati. Roketi ilikuwa imeshapita mahali pa kuonekana. Mama alitazama, akakaa chini sakafuni. Hakushangilia.

Nje watu walikuwa bado wanapanda kilima, kuni begani.

"Amekufa nani?" mmoja aliuliza.

"Hakuna aliyekufa. Ilikuwa televisheni."

"Televisheni ndiyo iliyolia?"

"Alilia mama, alidhani mwanawe ameungua."

"Hajaungua?"

"Hajaungua. Anapigiwa makofi."

Yule mtu alitazama mzigo wake. "Basi hizi kuni nizirudishe?"

"Uzirudishe kwako?" mzee wa mbuzi alimkaripia. "Kuni za msiba? Unamwitia nani kifo nyumbani kwako?"

Kwa hiyo kuni zilishushwa, rundo likakua, na kwa kuwa kuni zilikuwepo moto uliwashwa, na kwa kuwa moto uliwashwa walipika. Walikaa mpaka alasiri kwenye matanga ya mtu aliye hai, wakizungumza kwa sauti ya chini kama desturi inavyotaka, ingawa wengine walishindwa kujizuia kucheka. Nilikula maharage yale pamoja nao.

Walipotawanyika mama aliniita.

"Ulisema dakika kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Nimeangalia saa ya ukutani. Ilirudi kumi na mbili." Akanigeukia. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nilijua pale pale. Sijui kwa nini sikusema. "Tangu mwezi wa tatu."

"Na ungefanya nini?"

"Ningeligeuza dishi liangalie magharibi. Kazi ya saa tatu."

Hakukasirika kwa namna niliyoizoea kwa watu. Alinitazama kama anayetafuta mahali alipowahi kuniona. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema.

Mwenzangu alikuja mwaka uliofuata, 2015, wakati watu walipoanza tena kuvuka kutoka Burundi na nyumba za wageni za Kibondo zikajaa wafanyakazi wa mashirika. Alilala kwa mama yake. Aliniita Kitahana siku ya pili, nikaenda nikiwa na daftari la kazi mfukoni bila kujua nitalifanyia nini. Nilijua tu, kwa jinsi alivyonipokea, kwamba mama hakumwambia.

Alikuwa ameleta video ya kurushwa kwa roketi kwenye kompyuta yake ya kupakata. Mama alitazama yote, mara moja, kwa heshima. Mwanawe alipouliza kama arudie, alisema, "Inatosha, baba. Hii mwisho wake naujua. Siku ile nilikuwa nimejiandaa kukaa na hofu mpaka ifike juu."

Tulitoka nje, yeye na mimi, tukasimama karibu na dishi. Nilimuuliza kuhusu kazi, kwa kuwa ndilo swali nililolibeba miaka yote. Alisema serikalini walitumia miaka saba kwenye setilaiti moja, na karatasi zake zingejaza lori. Kwenye biashara wakubwa waliuliza swali moja tu: lini. "Siku hizi sishiki hata bisibisi," alisema. "Nawauliza watu maswali. Kabla ya kuruka nazungukia kila mmoja: uko tayari? Yule mdogo kuliko wote, akisema hapana, tunasimama. Hatumgombezi. Tunayemwogopa ni yule anayejua kitu akanyamaza."

Kisha akaniwekea mkono begani. "Ile siku ya mama, ndugu yangu, isikuume. Ni jua lilipita nyuma ya setilaiti. Hata sisi wahandisi tunasahau, mimi mwenyewe nilisahau. Wewe usingeweza kujua."

Ningebaki kimya ningekuwa mtu mwema asiyejua kitu. Niliona njia hiyo wazi kabisa. Lakini mkono ule ulikuwa begani, na lile neno "usingeweza" lilikuwa zito kuliko mkono. Nilitoa daftari. Ningependa kuandika kwamba nilikiri kwa kujuta. Nilikiri kwa sababu nisingevumilia anione mjinga.

Alisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. "Hesabu hizi umefanya mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Miaka minane?"

"Sasa tisa."

"Hukukosea zaidi ya dakika moja." Nilisikia sauti yake imebadilika, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena. Halafu akafika kwenye siku ile. Aliangalia rangi ya wino, akaangalia safu za juu na za chini yake.

"Hii uliiandika kabla."

"Ndiyo."

"Nilikupigia. Ukasema kila kitu kiko sawa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alama tatu," nilisema.

"Alama zipi?"

Nilimtazama nikaona hatanii. Hakuwa anazikumbuka. Ilibidi nimweleze: darasa la saba, nafasi moja, yeye tatu juu yangu. Alisikiliza kwa uangalifu, kama anavyosikiliza bila shaka taarifa za kazini.

"Mimi miaka yote nilidhani wewe hukutaka kuendelea," alisema. Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, akaingia ndani kwa mama yake. Nilisubiri kidogo. Hakutoka.

Aliondoka bila kunipigia. Miezi miwili baadaye, nikipita Kitahana kwenda Murungu kwa kazi nyingine, niliona dishi la mama yake linaangalia magharibi. Walikuwa wamemleta fundi kutoka Kasulu. Nilishuka kwenye baiskeli nikasimama barabarani kutafuta kosa lake. Pembe ilikuwa nzuri. Nguzo ilikuwa wima. Niliona uchungu, nakiri, kuona nguzo imesimama wima vile. Kisha nikaona waya: aliuunga nje, akafunga kwa solotepu tu, na kiungio kikatazama juu. Mvua zikianza maji yangeingia mpaka kwenye king'amuzi.

Nilipiga hodi kwenye uzio. Mama alikuwa uani.

"Sema ukiwa hapo hapo," alisema.

"Mama, kiungio cha waya kitaingiza maji. Mvua ziko karibu."

Alinyanyua macho akatazama waya, kisha mimi, kisha mawingu upande wa Burundi. "Leo umesema mapema."

"Naweza kukirekebisha sasa hivi. Ni dakika kumi."

"Hapana. Mpigie fundi wangu umwambie yeye."

Akanitajia namba kutoka kichwani, tarakimu moja moja, nami nikaiandika. Nikampigia pale pale barabarani. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Nilimweleza kosa lake kwa utaratibu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mzee," alisema. "Na wewe ni nani?"

"Mtu anayepita njia," nilijibu, nikapanda baiskeli.